Gia ya Tano Iliyokufa: Kisa cha Defender 110 na Tairi za Inchi 35

Alifika gereji Jumamosi asubuhi, difu mbili kuukuu, yaani zile gia za kwenye ekseli zinazopeleka nguvu kwa magurudumu, zikiwa ndani ya gunia la mahindi nyuma ya gari. Kabla hatujamaliza kusalimiana akasema, "Fundi, nataka unifungie hizi." Zilitoka kwenye Land Rover Series III iliyokatwakatwa vipuri, na alizinunua Kirinyaga Road, mahali ambapo wazee mpaka leo wanapaita Grogan. Muuzaji alimwapia kwamba ni 4.7, yaani shafti inazunguka mara 4.7 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, na kwamba gari litapata nguvu ya trekta.

Kwa hilo muuzaji hakudanganya. Nilichotaka kujua ni kama huyu bwana alikuwa na haja ya trekta.

Gari lenyewe ni Defender 110 yenye injini ya 300Tdi: dizeli ya cc 2,495 yenye tabo, ile konokono inayosukuma hewa kwenye silinda. Ni mojawapo ya zile zilizounganishwa Thika, kwenye kiwanda kilichoanza mwaka 1974 kwa jina la Leyland Kenya. Kwa miaka mingi lilitembea na tairi za 235/85R16 bila manung'uniko. Miezi minne kabla ya siku hiyo akainua springi, akafunga tairi za 315/75R16, zile ambazo mtaani huitwa inchi 35. Juu ya kerea akaongeza hema na majerikeni ya maji. Nilimwambia alipitishe kwenye mizani ya yadi ya vyuma chakavu likiwa na mzigo wake wa safari. Lilisoma tani 2.9, na kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwa 110 ni kilo 3,050. Shika hiyo namba, tutaihitaji.

Malalamiko yake yalikuwa matatu. Gia ya tano imekufa: akiiweka, gari linalegea kama mtu aliyenyimwa chai. Akipanda kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru, anashushwa mpaka gia ya tatu nyuma ya trela, na nafasi ya kupita ikipatikana gari halina haraka nayo. Na mafuta: zamani alipata kilomita 10 kwa lita, sasa ni 8.5.

Tulianza na hilo la mwisho kwa sababu lilikuwa jepesi, na nusu yake halikuwa ugonjwa wa gari hata kidogo. Spidomita ya Defender husoma mzunguko wa shafti inayotoka kwenye transfa, kisanduku kinachogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kwenda nyuma. Haijui umefunga tairi gani. Tairi ikiwa kubwa, kila mzunguko wa shafti unasukuma gari mbali zaidi, lakini saa inaendelea kuhesabu kilomita za tairi ya zamani. Tulipiga alama ya chaki ubavuni mwa tairi na nyingine chini, tukalisukuma gari mizunguko mitatu kamili. Tulipata mita 8.04, yaani 2.68 kwa kila mzunguko. Tairi zake za zamani, ambazo kwa bahati hakuwa ameziuza, zilitoa mita 2.46. Tofauti ni asilimia 9. Kwa hiyo spidomita ikisema 80, gari liko 87, na ile 8.5 ya kilomita kwa lita kwa kweli ni kama 9.3. Kuna mafuta yaliyopotea, ndiyo, lakini si kwa kiasi alichodhani.

Msomaji atakayefanya zoezi hili afanye kama tulivyofanya, asichukue kipenyo kilichoandikwa kwenye tairi. Tairi iliyobeba gari hukaa chini kidogo, na mduara wake halisi ni mfupi kuliko ule unaoupata kwa kuzidisha kipenyo kwa 3.14. Kwa tairi hizi pengo lilikuwa karibu asilimia 3.

Baadaye nikamwomba aliinue gurudumu moja la nyuma kwa jeki. Alishangaa. "Si unajua Defender ni 3.54?" Najua ilivyotoka kiwandani. Sijui waliolimiliki kabla yake walifanya nini, na sinunui vipuri kwa kutegemea kumbukumbu ya mtu. Tahadhari moja hapa: breki ya mkono ya Defender inashika shafti nyuma ya transfa, haishiki magurudumu, kwa hiyo lazima uishushe ndipo propela, yaani hiyo shafti ya kutoka transfa hadi difu, izunguke. Ukisahau kuweka magogo mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, utalifukuza gari lako mwenyewe. Transfa ikiwa nyutro na gurudumu moja tu hewani, ukilizungusha mara mbili kamili propela itazunguka sawa na uwiano wa difu. Propela ilizunguka tatu na nusu na ushei kidogo. Mbele tukapata vilevile. Ni 3.54 kweli, yaani krauni, gia kubwa ya ndani ya difu, ya meno 46 na pinioni, gia ndogo inayoizungusha, ya meno 13.

Tukafungua gunia. Krauni meno 47, pinioni meno 10: 4.7 halisi. Ila difu zote mbili zilikuwa za aina ya Rover, ile unayoitoa kwa mbele ikiwa nzima, pengine kutoka Series ile fupi. Ekseli ya nyuma ya Defender 110 ya miaka hiyo ni Salisbury, ambayo difu yake hujengwa ndani ya ekseli yenyewe. Haing'oki kama chungu mekoni. Halafu meno ya ndani yanayopokea saidi shafti, zile fimbo za kutoka difu hadi gurudumu, kwenye difu zile za zamani ni 10, na shafti za Defender hii zina 24. Maana yake, ya nyuma isingeingia kabisa, na ya mbele ingeingia baada ya kubadilishwa gia zake za ndani.

"Basi tufunge ya mbele pekee," akasema. "Muuzaji amesema watu wanafanya hivyo."

Nilikataa, na sababu inafaa kuelezwa kwa sababu ushauri huu unatembea mjini kama sarafu mbovu. Defender huendesha magurudumu yote manne muda wote. Katikati, ndani ya transfa, kuna difu ya tatu inayoruhusu mbele na nyuma kutofautiana kidogo, kwa mfano kwenye kona. Ukiweka 4.7 mbele na 3.54 nyuma, propela ya mbele itazunguka karibu theluthi moja zaidi ya ile ya nyuma hata barabara ikiwa imenyooka kama rula. Ile difu ya katikati, iliyoumbwa kufanya kazi kidogo kwenye kona, itasaga kutwa nzima bila kupumzika. Siku utakapoifunga kwa ajili ya matope, mbele na nyuma zitavutana mpaka kitu kivunjike, na mara nyingi kinachovunjika ni kile kilicho ghali.

Gunia likarudi garini.

Sasa swali lenyewe. Njia ambayo karibu kila mtu huitumia ni ya kurudisha hali ya zamani: tairi imekua kwa asilimia 9, basi ongeza difu kwa asilimia 9. 3.54 mara 1.09 ni 3.86. Hakuna difu ya 3.86 ya kununua kwa gari hili. Karibu nayo, kwa juu, kuna seti za takriban 4.1 zinazotengenezwa na kampuni za nje, kisha unarukia 4.7. Ukisoma jedwali peke yake utasema, chukua 4.1, mambo yaishe. Jibu linaweza kuwa sahihi, lakini jedwali halijui kwamba gari lina hema juu, wala kwamba Nairobi iko mita 1,795 juu ya usawa wa bahari na njia ya kwenda kwao Nakuru inapanda juu zaidi ya hapo. Nilitaka kujua gari linaishi katika gia gani.

Nikampa daftari la shule. Kwa wiki mbili, kila safari, aandike mahali, mwendo wa kweli kwa kutumia simu, gia na hali ya barabara. Kalamu ikachukuliwa na mkewe, na hilo lilikuwa jambo jema, maana dereva akijiandikia mwenyewe hujipendelea. Mama huyo aliandika mpaka "ameweka ya tano, ameirudisha, amenuna."

Daftari lilisema hivi. Mjini, kwenye foleni ya Lang'ata na Ngong Road, ni gia ya kwanza hadi ya tatu, na hapo tairi kubwa zinasumbua klachi zaidi ya kitu kingine. Safari mbili za Nakuru: tano ilikaa kwa muda wa maana kwenye tambarare ya Gilgil na kwenye miteremko tu. Sehemu nyingine zote alikuwa kwenye nne, kwa mwendo wa kati ya 75 na 85. Safari moja ya Suswa, kwenye ile njia ya mawe ya volkano inayopanda hadi kreta, alitumia gia nzito za transfa, zile za mwendo wa pole, kwenye ya kwanza na ya pili. Kupanda kutoka Mai Mahiu, tangu pale kwenye kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942 hadi juu, ilikuwa tatu. Zamani, anasema, alikuwa anapanda kwa nne, japo kwa shida.

Hapo ndipo hesabu ilipoanza kuwa na ladha.

Injini ya 300Tdi hutoa nguvu yake kubwa ya kuvuta, Nm 265, kwenye mizunguko 1,800 kwa dakika. Chini ya hapo tabo inasinzia, na gari linakosa pumzi ghafla. Giaboksi yake, R380, ina tano ya 0.77 na nne ya moja kwa moja, na transfa yake, LT230, ina 1.41 kwenye gia nyepesi, ile ya barabara ya kawaida. Kwa tairi za zamani, kwa 80 katika gia ya tano, injini ilizunguka karibu 2,080. Kwa tairi za inchi 35 ni 1,910. Yaani iko mizunguko 110 tu juu ya ukingo. Upepo ukija kwa mbele, au barabara ikiinuka kidogo tu, mwendo ukishuka hadi 75, injini iko 1,800 na inateleza kwenda chini. Ndiyo sababu tano imekufa. Haikufa kwa kukosa nguvu kwenye karatasi. Imekosa mahali pa kusimama.

Kwa mlima nilipiga makadirio. Nilichukua mwinuko wa asilimia 7, mwendo wa 60, na nikapunguza nguvu ya injini hadi Nm 240 kwa sababu ya hewa nyepesi ya huko juu. Tabo inafidia sehemu kubwa ya hewa inayokosekana, lakini si yote. Kulipandisha gari la tani 2.9 kwenye mwinuko huo kunadai mvuto wa kilo 203. Tairi kujiviringisha zinadai kama kilo 44. Hewa, kwa gari lenye sura ya kabati na hema juu, kama 27. Jumla kilo 274. Baada ya kutoa hasara ya gia zenyewe, kwenye nne gari lilikuwa linatoa kilo 275 kwa tairi za zamani. Soma tena: 275 dhidi ya 274. Alikuwa anapanda kwa nne kwa tofauti ya kilo moja! Haya ni makadirio, kilo kumi huku au kule si ajabu, lakini yanaeleza kwa nini alisema "kwa shida." Alipofunga tairi za inchi 35, mvuto huo ukashuka hadi 252. Nne ikafa kama tano, na akabaki na tatu.

Kwa difu ya 4.1 nne ingetoa 293. Kwa 4.7 ingetoa 335.

Hapo mwenye gari akaniambia, "Si unaona? Nne-nukta-saba ndiyo dawa." Na kama angekuwa mtu wa kukaa Suswa na Magadi, wa kuburuta trela ya ng'ombe, ningemsikiliza. Lakini nilimgeuzia daftari. Safari zake za barabara kuu anaziendesha kwa gia ya nne, 80, na kwa gia hiyo injini yake leo inazunguka 2,480. Akifunga 4.1, tano inafufuka, na kwa 80 hiyohiyo injini inazunguka 2,220. Difu nzito zaidi, injini tulivu zaidi. Watu hukataa jambo hili wanapolisikia mara ya kwanza, kwa sababu wamezoea kwamba kuongeza uwiano wa difu ni kuongeza kelele. Ni kweli iwapo unabaki gia ileile. Yeye habaki: anatoka kwenye nne anakwenda kwenye tano.

Akifunga 4.7, tano kwa 80 inazunguka 2,540. Hiyo ni sawa na nne anayoilalamikia leo, ila sasa hana gia nyingine ya kupandia juu yake. Kwa 100 ni 3,170. Safari ya Mombasa kwa hali hiyo ni kama kukaa ndani ya kinu cha posho. Tena pinioni ya meno 10 kwenye krauni ya ukubwa uleule ni nyembamba kuliko ya meno 13, na tairi za inchi 35 zina mkono mrefu wa kuitesa siku utakapokwama kati ya mawe.

Kulikuwa na njia nyingine ambayo nilimpa kwa haki, kwa sababu mafundi wengi wa Land Rover huipenda: kuacha difu na kubadilisha gia nyepesi ndani ya transfa, kutoka 1.41 kwenda 1.67. Land Rover wenyewe waliitumia kwenye 110 za awali zenye injini dhaifu. Uzuri wake ni kwamba unagusa kisanduku kimoja, na mbele na nyuma haziwezi kupishana. Kwa barabara inatoa karibu matokeo yaleyale ya 4.1, hata zaidi kidogo: tano kwa 80 inakuwa 2,260, na nne pale mlimani inatoa kilo 298. Kama gari lisingeacha lami kamwe, ningeishia hapo.

Lakini gia nzito ya LT230 ni 3.32, na haiguswi na badiliko hilo. Gia ya kwanza nzito ya gari hili ilikuwa inapunguza mwendo wa injini mara 43 kabla haujafika gurudumuni. Tairi kubwa zimekula sehemu, sasa ni kana kwamba ni 40. Kwenye kushuka kutoka kreta ya Suswa, ambapo breki ni injini na mguu ukae mbali na pedali, hiyo ni tofauti kati ya gari linalotambaa na gari linaloteleza kidogo kuliko unavyotaka. Mizunguko 1,000 kwa tairi za zamani ilikuwa kilomita 3.4 kwa saa. Sasa ni 3.7. Kwa difu za 4.1 ingekuwa 3.2, yaani angerudishiwa alichopoteza na nyongeza. Kwa transfa ya 1.67 angebaki na 3.7 yake. Daftari lilikuwa na ukurasa mzima wa Suswa, na mkewe alikuwa ameandika neno moja pembeni kwa herufi kubwa: BREKI. Gia nzito haziongezi nguvu ya breki, hilo nilimwambia, na tairi nzito zinaipunguza. Ila zinakupunguzia haja ya kuikanyaga.

Kuna na jambo la mzigo. Punguzo likifanywa kwenye difu, propela na transfa hubeba mzigo mdogo kwa kazi ileile gurudumuni. Likifanywa kwenye transfa, propela na pinioni hubeba zaidi. Saidi shafti haina pa kukimbilia katika hali zote mbili.

Niliongeza njia ya nne ambayo hakuna mtu hupenda kuisikia: rudisha tairi za zamani, ziko stoo, hazina kosa. Au chukua 255/85R16, ambazo ni ndefu na nyembamba, zinaongeza kimo kwa asilimia 4 hivi tu, na 3.54 ingezivumilia. Alinitazama kana kwamba nimemwambia amuuze mtoto. Sawa.

Tukachagua 4.1, mbele na nyuma. Seti za mbele za aina ya Rover na za nyuma za Salisbury hazitoki kwenye karatasi moja ya mchoro; unaweza kupata moja ni 4.10 na nyingine 4.12. Alipoona hivyo akakumbuka mahubiri yangu ya difu ya katikati na akataka kughairi. Nusu asilimia si dhambi. Tairi mpya na tairi iliyoliwa hutofautiana zaidi ya hapo, na kwa kazi ya namna hiyo ndogo difu ya katikati iliumbwa.

Kufunga krauni na pinioni si kazi yangu, na nasema hivyo bila aibu. Tulipeleka ekseli kwa gereji nyingine. Gari likarudi baada ya siku nne, na kutoka hapo hadi Southern Bypass lilikuwa linalia: uuuu, kuanzia 60 hadi 70, ukikanyaga mafuta, na linanyamaza ukiachia. Mlio wa namna hiyo mara nyingi husema pinioni haikukaa mahali pake. Tulifungua, tukapaka rangi kwenye meno ya krauni, tukaizungusha huku na huku ikiwa imezuiwa kidogo ili ishike mzigo. Alama ilikaa juu, kwenye ncha ya meno, mahali ambapo ingetakiwa iwe katikati. Pinioni ilikuwa mbali na krauni. Waliofunga walikuwa wameingiza shimu, vile visahani vyembamba vya kurekebisha nafasi, zilezile za pinioni ya zamani, kana kwamba pinioni zote ni pacha. Shimu nene kidogo, alama ikashuka katikati. Tukapima mchezo kati ya meno kwa geji ya mshale, na ugumu wa beringi kwa uzi uliozungushwa kwenye shingo ya pinioni na kuvutwa kwa mizani ya ndoano. Mlio ukaisha. Ungeachwa wiki mbili tu, meno yangeshachongana vibaya na seti mpya ingekuwa chuma chakavu. Meno ya difu yakishaoana vibaya hayasahau.

Baada ya hapo ni nidhamu. Safari ya kwanza ya nusu saa kwa mwendo wa pole, kisha gari lisimame mpaka difu ipoe kabisa. Kilomita 800 za mwanzo bila kuburuta kitu wala kukimbizana na matatu. Halafu oili yote ya difu imwagwe, hata ikionekana safi. Haikuonekana safi, ilikuwa na vumbi la chuma linalometameta kama poda ya harusi, na hilo ni la kawaida kwa oili ya kwanza.

Mwezi mmoja baadaye tulipanda pamoja kutoka Mai Mahiu, mzigo ukiwa uleule. Kwa nne, simu ikisoma kati ya 58 na 63, mguu haukufika sakafuni sehemu kubwa ya njia. Nyuma ya trela tulishuka hadi pili kama kila mtu. Nafasi ilipopatikana, tatu ilitutoa mapema kuliko nilivyotarajia. Kwenye tambarare ya Gilgil tano ilikaa, ikapoteza kidogo kwenye mwinuko, ikarudi yenyewe.

Kasoro ipo, na yeye ndiye aliyeitaja kwanza. Kwa 110, Mombasa Road, injini sasa inazunguka 3,050, na mazungumzo ndani ya gari yanakuwa ya kupigiana kelele. Kwa tairi zilezile na difu za zamani ingekuwa 2,630, kama angeweza kufika 110 bila mteremko.

Spidomita imeruka upande wa pili: sasa inazidisha kwa asilimia 6.5, ikisoma 85 gari liko 80. Alipojaza tangi Nakuru na kupiga hesabu kwa saa hiyo alipata kilomita 10.2 kwa lita, akanipigia simu saa nne usiku kunipa habari njema. Nikamwambia agawe kwa 1.065, atapata 9.6. Akanyamaza kidogo. "Fundi," akasema, "hiyo nyingine nimeshamwambia mama watoto."